Asifungue: Kutazama Alien Gichagi

Ilikuwa Jumapili, saa tisa kasoro hivi, katika kibanda cha video huko Gichagi, Kangemi. Watu kama arobaini walikuwa wakiipigia skrini kelele kwa neno moja: "Fungua!" Aliyeambiwa afungue ni Ripley, afisa katika meli ya angani iitwayo Nostromo, kwenye filamu ya Alien. Nje ya mlango wako wenzake watatu. Mmoja wao, Kane, amebebwa hajitambui, uso umekumbatiwa na kidude chenye vidole virefu na mkia uliomzunguka shingo. Ripley ndiye mkubwa aliyebaki ndani, na anakataa. Taratibu za karantini zinasema saa 24. Nahodha, ambaye yuko huko nje, anamwamuru afungue. Anakataa tena.

"Huyu mama ana roho mbaya!" akasema kijana mmoja wa boda mbele yangu.

Kwenye benchi letu kulikuwa na mtu mmoja tu upande wa Ripley, na hakupaza sauti. "Asifungue," alisema. Halafu tena, polepole, kama anayeongea na mtu aliyelala: "Asifungue huyo." Ni jirani yangu wa ploti. Analinda geti Lavington, zamu ya usiku.

Alien ilitoka 1979. Ridley Scott aliiongoza na Dan O'Bannon akaiandika. Mimi nilikuwa nimeitazama mara nyingi kwenye laptopu, peke yangu, na nilikuwa nimesoma wahakiki wanaosema ni filamu ya mwili na uzazi: mwanamume anashikishwa mimba kwa nguvu, kisha anazaa mezani kwa kupasuka kifua, wenzake wakiwa bado na chakula mdomoni. Ni usomaji mzuri, sina ugomvi nao. Niliwahi kuuandikia insha chuoni nikapata alama. Nilipomwomba mwenye kibanda aionyeshe, nilitaka kuona jambo moja tu: watu wangefanya nini Kane akipasuka.

Mwenye kibanda hakuwa na imani. Kibanda chake kinaishi kwa mpira wa Uingereza na muvi zilizopigwa sauti na DJ Afro, yule ambaye kwa miaka mingi amewasimulia Wakenya muvi za Marekani, China na India hadi mtu anasahau kwamba waigizaji walikuwa na maneno yao. "Muvi ya mwaka huo, bila DJ? Watalala bana." Tulikubaliana nilipie viti kumi, kuwe na watu kusiwe.

Wasiwasi wake ulikuwa na msingi. Alien inaanza kwa ukimya. Kamera inatembea kwenye vijia vya meli ambavyo havina mtu, taa zinajiwasha, kofia za marubani zimekaa vitini kama zinasubiri. Dakika kadhaa zinapita kabla hujasikia neno. Pale ambapo DJ angejaza, waliokuwa kibandani walijaza wenyewe. Mtu akasema hiyo meli haijalipiwa stima. Mwingine akasema wenyewe wako mashambani. Kwa hivyo sikusikia zile sauti ndogo za mitambo ambazo nilizipenda nikiwa na spika za masikioni, na hiyo ni hasara, nakiri.

Kisha wafanyakazi wakaamka, wakaketi kula, na Parker akauliza habari ya bonasi. Kibanda kikatulia.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuja kutazama kitu kingine. Nostromo ni lori. Imevuta kiwanda cha kusafishia madini na tani milioni 20 za mzigo, na ndani mna watu saba na paka. Watano wanaishi juu. Wawili, Parker na Brett, ni mafundi wa chini, na kandarasi yao inawapa mgao mdogo kuliko wa wengine. Parker anachezwa na Yaphet Kotto, ambaye miaka miwili kabla alikuwa Idi Amin katika Raid on Entebbe. Anauliza bonasi kwa tabasamu la mtu aliyekwisha kujua jibu. Meli inapopokea ishara kutoka sayari isiyojulikana, anasema hii ni meli ya mizigo, hatukuajiriwa kuokoa watu. Ash, afisa wa sayansi, anamsomea kifungu cha kandarasi: ukikataa kwenda kuangalia, unapoteza mgao wote. "Umeona?" akasema mama mmoja anayeuza mboga sokoni. "Hicho kifungu huwa wanakificha nyuma."

Meli inaharibika ikitua. Brett anakadiria kazi ni ya saa 17. Parker anawaambia wa juu ni saa 25. Kibanda chote kilicheka, na waliocheka zaidi ni watu wa mjengo. Halafu Ripley anashuka kuwakagua, Parker anauacha mvuke upige kelele asimsikie, na akishaondoka anaufunga. Nimeitazama filamu hii labda mara kumi na sikuwahi kucheka hapo. Brett hujibu kila kitu kwa kukubali tu, hadi Ripley anasema yeye ni kama kasuku. Kibandani kuna fundi bomba ambaye tangu siku hiyo anaitwa Brett.

Usiku ukianza kuisha, barabara ya Waiyaki Way hujaa watu wa Kangemi wanaotembea kwenda Westlands, Loresho na Lavington. Kuna walinzi wanaorudi na walinzi wanaoenda, kuna mama wa kufua, kuna vibarua na koleo. Parokia yetu kubwa ni ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ile ambayo Papa Francis aliitembelea tarehe 27 Novemba 2015. Watu hawa hawakuhitaji mhakiki awaambie kwamba meli ina ghorofa ya juu na ya chini. Waliiona kabla mnyama hajatokea, na alipotokea hawakuisahau.

Kane alipopasuka, ndiyo, walipiga mayowe. Wawili walitoka nje, mmoja akarudi. Lakini mayowe yaliisha haraka kuliko nilivyotarajia, na kilichofuata kilikuwa mjadala kuhusu nani alaumiwe. Nakala yetu ilikuwa ile Scott aliyoikata upya 2003, ambayo ina tukio linalokosekana kwenye ya kwanza: Lambert, aliyefungiwa nje, anampiga Ripley kofi. Lambert alipopiga, nusu ya kibanda ilishangilia. Sasa Kane alipolala mezani amefumuka, wale walioshangilia walinyamaza, na jirani yangu hakusema chochote. Nilimwangalia. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda mabishano.

Kuhusu staringi: kwa sheria za kibanda, staringi hafi, na wote waliamini staringi ni Dallas, nahodha mwenye ndevu. Anapoingia kwenye mifereji ya hewa na kichoma-moto mkononi, walijua anakwenda kumaliza kazi. Dallas anapotea. Walikataa kuamini. Walimngoja karibu nusu saa, na toleo la 2003 linamrudisha kweli: Ripley anamkuta amegandishwa ukutani, hai, na anachoomba ni auawe. Sijawahi kusikia kibanda kikiwa kimya namna ile. Watazamaji wa 1979 walipata mshtuko wa jamaa huyo kwa sababu nyingine, kwani Sigourney Weaver hakuwa akijulikana na hakuna aliyemtarajia abaki wa mwisho. Gichagi wanamjua vizuri kutoka Avatar, ila hawakumtambua, na hali ilikuwa ileile.

Ash alipogonganishwa kichwa, akatoka maji meupe badala ya damu, ikajulikana ni roboti wa kampuni, kijana wa boda alisimama. "Ni mtu wa ofisi! Si nilisema?" Hakuwa amesema. Lakini ndivyo ilivyo. Kompyuta ya meli, wanayoiita Mama, inaonyesha agizo maalumu namba 937: mnyama arudishwe, mengine yote yafuate baadaye, wafanyakazi wanaweza kutumika hadi waishe.

Kuna pahali ambapo kibanda na mimi hatukukubaliana, na bado nadhani niko sawa. Walichukia kifo cha Parker. Ana silaha, ana nafasi, lakini Lambert ameganda kwa hofu mbele ya mnyama na Parker hawezi kuwasha moto bila kumchoma. Anamrukia mnyama kwa mikono. "Mtu mweusi lazima afe, ni ileile," walisema, na historia ya Hollywood inawapa haki. Mimi naona Scott amempa Parker kifo cha heshima kuliko wote. Mtu aliyeanza filamu akihesabu mgao wake anamaliza kwa kukataa kumtoa mwenzake ili ashinde. Mama wa mboga aliniambia heshima haipeleki mwili nyumbani.

Baadaye, wengi walipokuwa bado wamekaa, niliwaambia aliyekuwa ndani ya mnyama ni Mnaijeria. Walicheka, wakafikiri ni utani. Anaitwa Bolaji Badejo, alikuwa mwanafunzi wa sanaa London, mrefu karibu futi saba, mwembamba, miguu mirefu kupita kiasi, na watu wa filamu walimwona kwenye baa. Vazi lililochorwa na Giger, msanii wa Uswisi, lilitengenezwa kwa umbo la mwili wake. Kwa sababu ya mkia hakuweza kuketi kitini, ikabidi atengenezewe kama bembea ya kupumzikia. Hakuigiza filamu nyingine. Alirudi Nigeria, na mwaka 1992 akafariki kwa ugonjwa wa selimundu, hajafikisha miaka 40.

"Ni ule wa damu?" aliuliza mama wa mboga, ambaye kwao ni Vihiga. Nikamwambia ni huo. Alitikisa kichwa. Watu wa Magharibi ya Kenya wanaujua. Kisha akauliza kama uso wake unaonekana mahali popote kwenye muvi. Hauonekani. Mwenye kibanda, bila kuombwa, akarudisha mwisho, tukasoma majina hadi tukalipata lake.

Jirani yangu alikuwa anaenda zamu, nikamsindikiza kidogo. Ndipo akaniambia. Miaka kadhaa iliyopita, saa tano usiku, boda ilimleta getini mtunza bustani wa boma lilelile analolinda. Alikuwa amegongwa na gari na mguu umevunjika. Alitaka mwenye nyumba aamshwe ampeleke hospitali. Agizo lilikuwa kwamba baada ya saa nne hakuna anayeingia bila simu kutoka ndani. Jirani yangu alipiga simu, haikushikwa. Akapiga tena. Alisimama na ufunguo mfukoni karibu nusu saa, wanatazamana kupitia vyuma, hadi boda ikaondoka naye. Mtunza bustani alipona, ila anachechemea. Wanasali kanisa moja. Husalimiana bila kusimama.

"Asubuhi mkubwa akanipatia mia tano," alisema. "Ati nimefanya kazi vizuri. Hiyo mia tano, ndugu yangu, mpaka leo."

Wiki chache baadaye, saa tisa usiku, kijana wa boma alirudi na gari limejaa watu ambao jirani yangu hakuwajua. Alipigiwa honi. Alifungua.

Nimerudia tukio la mlango mara kadhaa tangu siku hiyo. Ripley anapomkabili Ash baadaye, anamkumbusha kwamba karantini ni sheria ya idara ya sayansi, yaani idara yake Ash mwenyewe. Mwenye sheria ndiye aliyefungua, kwa amri ya kampuni, na mtu pekee ndani ya meli aliyeiamini sheria ni yule aliyesimama mlangoni akiitwa mwenye roho mbaya. Insha yangu ya chuoni haikuwa na sentensi hata moja kuhusu hilo. Niliandika kurasa nne juu ya kifua cha Kane. Mlango niliuona kama njia ya mnyama kuingia hadithini tu, kumbe Ripley pale ana sura ya mtu ambaye hata akiwa sawa atalala vibaya. Weaver anaicheza kwa sauti ya chini, karibu ya karani, na nilikuwa nikidhani ni upungufu wa mwigizaji mchanga. Sasa nadhani ndiyo sauti yenyewe. Watu wa geti hawabishani kwa kelele. Husema "siwezi", halafu husema "siwezi" tena.

Tulipofika pa kuachana, alivaa koti la kampuni na kufunga vifungo hadi juu. Alikuwa ameshanipa mkono, akageuka.

"Na hiyo paka," alisema. Mwishoni Ripley anamrudia paka wakati meli inahesabu dakika za kulipuka, na kibanda kizima kilikuwa kimemtukana kwa hilo. Lakini yeye alikuwa na jambo lingine. "Aliiacha kwa kisanduku na huyo mnyama, wakaangaliana. Halafu akaibeba akaingia nayo kwa ile meli ndogo, wakalala. Nani aliikagua?"