Sahani Iliyosalia

Katika meza za vyombo vya mtumba huko Tandale na Manzese, na upande wa pili wa jiji la Dar es Salaam katika soko la Tandika, Temeke, mara kwa mara huonekana sahani ya rangi ya fedha iliyofifia, imelazwa baina ya sufuria zilizobonyea, pasi za mkaa na vijiko visivyo na wenziwe. Mnunuzi huipindua, huisugua kwa kidole gumba, kisha huuliza: hii ni fedha?

Swali hilo ni jepesi masikioni tu. Katika Kiswahili fedha ni madini, na fedha ni mali ya kununulia. Neno limetoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kwanza, na maana ya pili imekuja ikakaa nyumba moja na mwenzake hadi ikamfunika. Hata sarafu zenyewe zilifuata njia hiyo. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyotolewa mwaka 1921 ilikuwa na robo tu ya fedha ndani yake. Ile ya mwaka 1948 haikuwa na fedha kabisa. Jina likabaki, kitu kikaondoka.

Sahani ya Tandika nayo ni kisa cha jina na kitu. Jibu lake limeandikwa mgongoni. Herufi EPNS, ambazo huonekana kuliko nyingine zote, zinakiri kwa Kiingereza kwamba chombo ni cha mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, kisha kikachovywa fedha kwa nguvu ya umeme. Kazi hiyo ilipewa hataza kwa kina Elkington wa Birmingham mwaka 1840. Kabla yao, katika miaka ya 1740, Thomas Boulsover wa Sheffield alikuwa amekwisha kugundua namna ya kushikanisha bamba la fedha na la shaba kwa moto. Chombo cha namna hii ya kwanza hujulikana pale kilipolika, maana wekundu wa shaba huchungulia. Kile cha EPNS kikilika huonyesha weupe uliochanganyika na umanjano. Sumaku haisaidii sana, kwa kuwa hainasi fedha, wala shaba, wala mchanganyiko huo wa nikeli. Inachoweza ni kumfichua chuma peke yake. Na mwenye kuisugua sahani kwa majivu au mchanga ili ing'are huondoa kile hasa anachokitafuta.

Ziko alama za kutambulia umri pia. Alama yenye umbo la almasi huonyesha umbo lililosajiliwa Uingereza baina ya mwaka 1842 na 1883. Kuanzia mwaka 1884 mahali pake pakashikwa na namba inayotanguliwa na herufi Rd. Lakini msomaji wa chapa hana budi kuwa na hadhari. Wafuaji wengi walizigonga herufi za EPNS kila moja ndani ya ngao yake, kwa hati ya kale, zikafanana na mihuri ya fedha halisi: simba anayetembea, nanga ya Birmingham, herufi ya mwaka. Wapenzi wa ushairi wanaijua hila hiyo. Yako mashairi ambayo vina vimetimia na mizani imetimia, na ndani hamna neno.

Kufika kwa sahani hizo Dar es Salaam si muujiza. Maofisa wa kikoloni waliondoka karibu na Uhuru wa mwaka 1961, na vyombo vyao vikauzwa au vikaachwa. Utaifishaji wa majengo wa mwaka 1971 ulifuatiwa na kuhama kwa familia nyingi zenye asili ya Asia. Na leo makontena ya vitu vilivyotumika huteremshwa bandarini pamoja na marobota ya nguo. Kinachostahili kuulizwa ni jambo jingine: katika meza hizo, fedha ya pwani yenyewe iko wapi? Yako wapi mafurungu, vikuku, mirashi na vyetezo vilivyofuliwa Lamu, Siyu na Unguja?

Jibu ni kwamba vilikuwa fedha, na ndiyo sababu havipo. Malighafi ya wafuaji wa Oman na wa pwani ilikuwa mara nyingi ni reale ya Maria Theresa, sarafu yenye fedha inayozidi kidogo gramu 23. Sarafu hiyo nayo haisemi umri wake, kwani iliendelea kupigwa kwa zaidi ya karne moja baada ya malkia huyo kufa, nayo ikibeba mwaka ule ule wa 1780. Reale ikaingia motoni ikatoka kikuku. Kikuku kikaingia motoni siku ya dhiki kikatoka kipande cha kuuza. Sonara hana neno na aliyekivaa wala aliyekifua. Ana mizani tu. Sahani ya EPNS imenusurika kwa umaskini wake, maana utando wa fedha uliomo haumlipi mtu kuuyeyusha.

Hapa ushairi unaingia kama shahidi. *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inaitazama Pate iliyokufa, na miongoni mwa inavyovitaja ni vidaka vya kuwekea visahani, vilivyogeuka makazi ya ndege. Visahani vya kaure vilivunjika, lakini vigae vyake havikuwa na bei, basi vikabaki ardhini. Na kwa vigae vya namna hiyo wachimbuzi wa mambo ya kale wamekadiria umri wa miji ya pwani, kuanzia Gedi hadi Kilwa. Fedha haikuacha kigae. Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 unamwusia binti pete na mapambo ya mikono na miguu, pamoja na hina na wanda. Usomaji uliozoeleka huupima utenzi huo kwa utiifu wa mke, na *Al-Inkishafi* kwa ubatili wa dunia, na majina ya vitu huachiwa maelezo ya chini ya ukurasa. Usomaji huo si wa makosa, bali una upungufu. Mwana Kupona hakuwa akipamba ubeti. Alikuwa akihesabu mali ya mwanamke, ile aliyoweza kuivaa na, siku ikibidi, kuiuza. Anayelipita jina la pambo bila kuuliza lilikuwa kitu gani, husoma kama sonara apimavyo.

Sheria nayo haikitoshelezi kitu kisicho na maandishi. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya mwaka 1964 huutumia mwaka 1863 kuwa mpaka wa kukitenga kitu cha kale, na huitaja milango iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Mlango una nyumba yake na mtaa wake wa kuutolea ushahidi. Furungu lisilo na chapa litauthibitisha vipi mwaka wake mbele ya karani?

Kazi iliyobaki si kubwa wala haingoji makumbusho. Kabla kikuku hakijapelekwa kwa sonara wa Kariakoo au Temeke, na kiandikwe: kinaitwaje kwa lahaja ya nyumba ile, nani alikivaa, katika arusi ya nani, na nani alikifua kama jina lake lingali likikumbukwa. Kisha ndipo kiuzwe, kama dhiki imelazimisha. Hakuna mwenye haki ya kumlaumu muuzaji. Sahani ya Sheffield ilikuja na maandishi yake mgongoni. Mapambo ya bibi zetu yana maandishi hayo vinywani mwa wazee, na wazee nao wanapungua.