Ukimaliza, Niite

Nikisoma msimbo wa seva, kitu cha kwanza ninachotazama ni namna mwandishi wake anavyosimulia kusubiri. Seva hutumia sehemu kubwa ya maisha yake ikingoja: hifadhidata ijibu, faili lisomwe, seva nyingine huko mbali iseme neno. Kazi ya mtindo ni kuandika kungoja huko bila kumfungia mlango mteja anayefuata.

Novemba 2009, mjini Berlin, Ryan Dahl alionyesha Node.js, na mtindo wake ulikuwa wa -ki-. Sisi tunaujua kabla hatujagusa kompyuta: ukimaliza, niite. Unaipa hifadhidata kazi pamoja na kipande cha msimbo kitakachoendeshwa jibu likija, kisha unashughulikia mengine. Tabu ni kwamba kila -ki- huzaa nyingine. Ukimpata mteja, tafuta salio. Ukilipata salio, punguza. Ukishapunguza, andika risiti. Na katika kila hatua, kukiwa na kosa, fanya hivi. Msimbo unazidi kusogea kulia mpaka mwisho wa kisa uko ukingoni mwa skrini. Watu waliuchukia, na sioni walikosea wapi.

Kisha zikaja ahadi, zilizoingia rasmi kwenye JavaScript mwaka 2015. (Dahl alikuwa amezitia kwenye Node mwaka 2009 akaziondoa 2010, na mwaka 2018 alilitaja hilo hadharani kati ya mambo anayoyajutia.) Badala ya jibu unapewa ahadi ya jibu, nayo inaweza kutimizwa au kuvunjwa. Kwa miaka kadhaa Node ilitoa onyo tu pale ahadi ilipovunjika bila mtu wa kuishughulikia. Tangu toleo la 15, la mwaka 2020, ahadi ya namna hiyo huiangusha programu nzima. Ahadi ni deni, kweli kweli.

Mtindo unaotawala leo ni wa await, ambao C# ilikuwa nao tangu 2012 na JavaScript ikaupata 2017. Huu ni mtindo wa -ka-. Mteja akatafutwa, salio likasomwa, likapunguzwa, risiti ikaandikwa. Unasomeka kama hadithi ya bibi, na ndiyo maana unasifiwa. Mimi pia nauandika. Lakini -ka- humfanya msikilizaji aamini kwamba kati ya tendo na tendo hakukupita kitu, na kwenye seva hapo katikati ndipo mengine yote hupita.

Chukua akaunti yenye shilingi 10,000. Yanaingia maombi mawili kwa mpigo, kila moja la 8,000. La kwanza linaomba salio, linafika kwenye await na kukaa pembeni. La pili linaomba salio, linakaa pembeni. Yote mawili yanajibiwa 10,000, yote yanaona fedha zinatosha, yote yanaandika salio jipya: 2,000. Bidhaa za 16,000 zimeondoka. Node inaendesha msimbo wako kwa uzi mmoja tu, na hilo halikusaidia kitu. Dawa yake ni amri moja kwa hifadhidata: punguza 8,000 iwapo salio linatosha. Kosa hilo hilo lingeweza kuandikwa kwa -ki-, nakubali. Ila pale mshono ungeonekana kwa macho: mabano yanafunguka, mstari unahama, wakati mwingine unaanza.

Tena -ki- haijafa. Duka la mtandaoni linapoiomba M-Pesa impelekee mteja ombi la kulipa kwenye simu, jibu la papo hapo husema tu kwamba ombi limepokelewa. Matokeo yenyewe hutumwa baadaye, mteja akishaweka namba yake ya siri au akishakataa, kwenye anwani ambayo duka lilitoa. Ni ukimaliza, niite, kati ya taasisi na taasisi, na hakuna await ya kuuficha mwanya huo.

Mwaka 2015 Bob Nystrom aliandika insha inayopendwa sana, akilalamika kwamba mtindo huu hugawa fanksheni katika rangi mbili: inayosubiri hulazimisha inayoiita nayo isubiri, na rangi inaenea hadi juu. Anaisifu Go, ambako alama hiyo haipo. Kero anayoieleza ni ya kweli. Lakini rangi anayotaka ifutwe ndiyo alama pekee ya mshono iliyobaki katika mtindo wa -ka-. Nikipewa msimbo wa malipo wa JavaScript, hutafuta kila await kati ya kusoma salio na kuliandika, kisha huuliza nani angeweza kuingia hapo. Nikipewa wa Go, hunibidi kufungua kila fanksheni inayoitwa, moja baada ya nyingine, na kuisoma hadi ndani.