Kikazio cha Wino na Sentensi Moja: Uhakiki wa Lugha ya Madai ya Hataza

Mji wa Tunduma, ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia katika Mkoa wa Songwe, ni mji wa malori na wa karatasi. Ingawa shughuli nyingi za forodha siku hizi hupita katika kompyuta, na ingawa kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa mwaka 2019, dereva aendaye Zambia au Kongo bado hupenda kushika hati mkononi. Kwa hiyo maduka ya steshenari yana kazi, na wenye kuzitengeneza mashine zake wana kazi pia. Mafundi hao wana lugha yao: printa, tona, rola, burashi, ethi. Lugha hiyo ni ya Kiswahili kwa sarufi yake yote, wala hapana haja ya kuionea haya. Swali linalostahili kuhakikiwa ni kama yaweza kubeba mzigo mzito kuliko mazungumzo ya karakana. Yaani, kama yaweza kuandikiwa dai la hataza.

Chombo kifaacho kwa jaribio hilo ni kile sehemu ya printa ambayo hukaza wino juu ya karatasi. Wino wa mashine hizi ni unga mkavu. Umeme tuli huuvuta unga huo hadi mahali pa herufi, kisha karatasi hupita baina ya viungo viwili vinavyozunguka, kimoja cha moto na kimoja cha kugandamiza; unga huyeyuka na kushikamana na nyuzi za karatasi. Lakini msuguano wa karatasi huacha chaji ya umeme juu ya kiungo cha moto. Chaji ikilimbikizana, unga usiokwisha kuyeyuka huruka kutoka karatasini, hunata juu ya kiungo, na baada ya mzunguko mmoja hutua tena chini zaidi katika ukurasa: herufi hafifu, kama kivuli cha herufi ya kwanza. Dawa yake ni kuipa chaji njia ya kwenda ardhini, aghalabu kwa burashi ipitishayo umeme. Walakini dawa hiyo ina hila yake. Karatasi iliyonyonya unyevu, kama ilivyo masika, hupitisha umeme yenyewe; basi njia ya ardhini ikiwa wazi mno, umeme uliokusudiwa kuuhamishia unga karatasini hukimbilia huko kwa kupitia karatasi, na maandishi hutoka yamefifia. Ndiyo maana wabunifu wengine huweka rezista katika njia hiyo, ili chaji itoke polepole na umeme wa kazi usipotee. Ubunifu wote, pengine, umo katika neno moja: moja kwa moja, au kwa kupitia kitu.

Si bahati tupu kwamba chombo hiki na hataza zimekutana. Chester Carlson, aliyevumbua uchapaji wa unga mkavu, alikuwa mtumishi katika idara ya hataza ya kampuni moja huko New York, na alichoshwa na kazi ya kupata nakala za maelezo na michoro. Nakala yake ya kwanza aliipata Astoria tarehe 22 Oktoba 1938, akiutumia unga wa mmea na karatasi ya nta aliyoipasha moto. Hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1942. Hata jina la ufundi huo lilitoka kwa mwanachuo wa lugha za kale katika Chuo Kikuu cha Ohio State, aliyeunganisha maneno ya Kiyunani yenye maana ya ukavu na kuandika. Wahandisi wale, basi, walimwendea mtu wa lugha kabla ya kulitangaza jambo lao.

Katika Tanzania Bara, hataza husimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni kwa sheria iliyotungwa mwaka 1987. Kabla ya hapo hataza iliyokwisha kukubaliwa Uingereza ndiyo iliyosajiliwa. Zanzibar ina sheria yake, ya mwaka 2008. Pia yapo maombi yapitayo Harare, katika shirika la nchi za Afrika, kwa Itifaki ya mwaka 1982, na huko lugha ni Kiingereza. Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania na ya mahakama. Tangu hapo swali la lugha ya hataza si la wapenda Kiswahili peke yao. Mgogoro wa dai ukifika mbele ya hakimu, huenda likasomwa na kupimwa kwa Kiswahili, hata kama liliandikwa kwa lugha nyingine.

Wapo wadhanio kwamba kazi iliyobaki ni ya istilahi tu: wataalamu wakae, watoe orodha, na jambo litakwisha. Orodha zina heshima yake. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 yasaidia hata leo. Lakini dai la hataza si orodha. Ni sentensi moja, ndefu, na mpaka wa haki ya mtu umechorwa na viungo vya sentensi hiyo. Hapo ndipo watunga istilahi wanapokoma mapema mno.

Hata katika majina yenyewe uangalifu wahitajika. Kitenzi “kugandisha” humjia upesi mwenye kufasiri, nacho kina kosa: Mswahili asikiapo kuganda huwaza baridi, barafu na mafuta ya asubuhi, hali chombo hiki ni cha moto. “Kunatisha” ni kibaya zaidi, maana unga unaonata kwenye rola badala ya karatasi nao umenata. Jina litakuwa limeingiza ndani yake ila ile ile inayotafutiwa dawa. “Kukaza” chafaa, na kwacho “kikazio”. Kuhusu ardhi, lau mtu angeunda “kuardhisha”, kiambishi chake kingesema kukifanya kitu kiwe ardhi, jambo ambalo hakuna fundi alitakalo. “Ethi” ya mafundi umeme ni bora, na imekwisha kuzoeleka kinywani.

Shida kubwa ni kiungo kidogo: “na”. Fundi husema “burashi imeunganishwa na ethi,” na kila mtu amwelewa. Mtahini wa hataza hana ruhusa ya kuelewa kwa wema namna hiyo. “Na” hutaja kilichounganishwa pamoja, hutaja mtendaji, na huongeza kitu juu ya kitu. “Rola iliyounganishwa na burashi na ethi”: je, burashi ndiyo iliyoiunganisha rola na ethi? Au rola imeunganishwa na vitu viwili mbalimbali? Tena tungo hiyo haisemi kama kuna rezista njiani. Tuseme hati ya zamani yaonyesha rola yenye njia ya ardhini kwa kupitia rezista, na mwombaji mpya adai kwa jumla tu rola “iliyounganishwa na ethi”. Dai lake laanguka, kwa kuwa la jumla limekwisha kutanguliwa na la mahususi. Lakini ikiwa hati ya zamani ndiyo ya jumla, na mwombaji ataja rezista, upya wake husimama, na hubaki kuulizwa kama fundi wa kawaida angeliona jambo hilo bila taabu. Njia ya kuokoka imo katika lugha yenyewe: “kwa kupitia”, “moja kwa moja”, “bila kupitia kitu kingine”. Maneno haya si mapya hata moja. Neno “na” lingepaswa kuachiwa kazi yake ya kuongeza tu.

Upande wa pili Kiswahili kina nguvu ambayo Kiingereza hakina, na yasikitisha kuona ikitupwa. Lisomwe fungu hili: “burashi ya filamu inayopitisha umeme”. Ni kipi kinachopitisha umeme, burashi au filamu? Haijulikani, na huenda ubunifu wote ukawa hapo. Sasa pasemwe “burashi ya mkanda unaopitisha umeme”, na tena “burashi ya mkanda inayopitisha umeme”. Shaka imekwisha kwa silabi mbili. Upatanisho wa ngeli hufanya kazi ambayo wanasheria wa Kiingereza huitafuta kwa kulirudia jina kila mahali. Lakini maneno ya mkopo karibu yote huangukia ngeli moja: filamu, burashi, waya, tona, ethi, rezista, na mara nyingi rola, yote ni “hiyo”, yote ni “inayo-”. Hivyo kuchagua “mkanda” mahali pa “filamu”, au “tabaka” mahali pa “leya”, si pambo la wapenda usafi wa lugha. Ni kugawa vitu katika ngeli mbalimbali ili sentensi iweze kuvielekeza. Hata hivyo pana mtego: “mkanda” na “ukinzani” huja vyote viwili na “huo”. Wenyeji wa Mbozi na Momba, wenye Kinyiha na Kinyamwanga, ambazo zimehifadhi ngeli za ka- na tu- zilizopotea katika Kiswahili sanifu, hawatashangaa kuambiwa kwamba ngeli ni mali.

Libaki neno “-enye”. Asemaye “nyumba yenye vyumba viwili” hueleweka kuwa ametaja viwili, basi. Desturi ya madai ni kinyume: chombo chenye rola mbili huhesabika kuwa ndani ya dai hata kikiwa na ya tatu. Akiandika “chenye”, mwombaji ajidhulumu mbele ya msomaji wa Kiswahili. “Ambacho miongoni mwa sehemu zake zimo” ni refu, lakini laacha mlango wazi, na pale anapotaka kuufunga kuna “peke yake” na “tu”.

Hataza iliyotolewa Japani au Marekani, isiyosajiliwa Tanzania wala kuiteua Tanzania kwa njia ya Harare, haimfungi mtu wa Tunduma. Maelezo yake, hata hivyo, yametangazwa kwa watu wote. Fundi abadilishaye mkanda na kukitupa kibao kidogo cha burashi kwa kukiona hakina kazi, kisha akashangaa vivuli vya herufi, maelezo ya kosa lake yamekwisha kuandikwa, pamoja na mchoro na kila sehemu na namba yake. Mchoro aweza kuusoma leo. Namba itajwayo katika sentensi isemayo kwa nini kibao kile kipo, imebaki upande wa pili wa lugha.