Pongezi kwa Wenye Simu Vijijini Serengeti

Mwanza tunaijua Kivulini, shirika lililoanza mwaka 1999 na kutufundisha kwamba kipigo cha nyumbani si siri ya familia. Leo pongezi zangu zinakwenda mkoa jirani wa Mara, kwa wanavijiji wa Serengeti wanaoshirikiana na Hope for Girls and Women, shirika linaloongozwa na Rhobi Samwelly.

Mwakilishi wa kijiji hutumia simu yenye programu maalumu. Mke akipigwa, au binti akitishiwa kukeketwa, mwakilishi huyo anajaza fomu palepale: kumetokea nini, kijiji gani, msaada gani unahitajika. Taarifa inafika ofisini kwa shirika, haiishii kwenye daftari la mtu mmoja. Tena tangu 2015 watu wa mradi wa ramani wa Crowd2Map wamekuwa wakichora barabara na vijiji ambavyo ramani za mtandaoni hazikuvionyesha. Kwa binti anayekimbilia nyumba salama ya shirika hilo mjini Mugumu usiku, kujulikana kwa njia ni uhai.

Kazi hii inataka moyo, maana anayeripoti anaishi jirani na anayeripotiwa.

Halmashauri zetu, kuanzia Ilemela hadi Ukerewe, igeni mfano huu! Dawati la Jinsia la polisi, hospitali na ofisa ustawi wa jamii wabadilishane taarifa, na siri ya mhanga ilindwe.