Mkeka Ukipanda Ukutani

Hivi mkeka ni sanaa au ni kitu cha kukalia? Hapa Bukoba ukiuliza swali hilo sokoni utachekwa. Mkeka unautandika, unaukalia, ukichakaa unaanikia maharage, basi. Lakini mwaka 2022, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice kule Italia, Uganda iliingia na banda lake kwa mara ya kwanza, na sehemu kubwa ya kilichotundikwa humo ilikuwa rafia, mafunjo na nyuzi za mgomba. Vitu vyetu kabisa.

Waliopeleka kazi ni wawili. Collin Sekajugo alikwenda na picha zake za kubandikabandika. Huyu ndiye mwanzilishi wa kituo cha sanaa kule Masaka, njia ileile unayopita ukitoka Mutukula kwenda Kampala. Mara nyingi hutumia nguo ya magome ya miti, ambayo wazee wetu Wahaya nao waliivaa kabla pamba haijaingia. Mwingine ni Acaye Kerunen, na huyu ndiye ninayetaka tumzungumzie. Majaji waliitaja Uganda kwa heshima, pamoja na Ufaransa.

Kazi za Kerunen nimeziangalia kwenye picha na video, tena mara nyingi. Kwa kazi ya kusuka hiyo haitoshi, maana simu haina harufu ya ukindu wala haikuonyeshi unene. Ila jambo moja linaonekana wazi: Kerunen hatundiki mkeka mzima. Anachukua kazi za wanawake wasukaji wa Uganda, anazifumua, anazikata, kisha anazishona upya kuwa umbo jingine. Hapa kuna kipande cha jamvi, pale kitako cha kikapu, halafu rangi inabadilika ghafla kama shamba la migomba linapokutana na bwawa.

Uamuzi huo ndo unaonishawishi. Angeutundika mkeka ulivyo, tungepata makumbusho tu: zamani watu waliishi hivi, asante, kwaheri. Mkeka uliofumuliwa na kuungwa upya unakulazimisha uutazame mkono wa aliyesuka, ukili ulipokazwa na ulipolegezwa, chane zilipoungwa. Sisi tunaoikalia mikeka kila siku hatuitazami hivyo. Tunauliza bei, tunaomba ipunguzwe, tunaondoka.

Sasa nije kwenye kinachonikera. Kazi ikishapanda ukutani, inabeba jina moja. Simlaumu Kerunen kwa kuficha. Amekuwa akiwataja wasukaji kama washirika wake, na mwaka 2024, alipokuwa yeye msimamizi wa banda la Uganda, kikundi cha wasukaji kiliingia kwenye orodha ya wasanii, sambamba na Sanaa Gateja, yule fundi wa shanga za karatasi. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini kikundi hakisuki. Anayesuka ni mtu, na mkono wake unajulikana. Shangazi yangu akikuta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna nyumbani kwa watu, anakigeuza, anatazama kitako, kisha anakwambia ni cha nani na alifundishwa na nani. Kama yeye anaweza kuusoma mkono kwenye kikapu cha elfu chache, ukumbi wa sanaa unashindwaje kuandika jina kwenye kazi ya mamilioni?

Najua jibu litakalokuja: msanii ni yule aliyepata wazo. Ni kweli, mikeka ishirini haiwezi kujishona yenyewe ikawa kazi ya Kerunen. Jicho ni lake na hakuna anayemnyang'anya. Lakini filamu nayo ina mwongozaji mmoja, na bado mwishoni majina yanapita hadi ya mpishi. Hili si suala la adabu peke yake. Katika sanaa, jina ndo linalobeba bei. Asiye na jina atalipwa bei ya sokoni hata kama kazi yake imefika Ulaya.

Naliandika hili kwa sababu linatuhusu. Tanzania nayo ilipata banda lake la kwanza Venice mwaka 2024, na siku moja mtu atakuja Muleba au hapa mjini kutafuta ukindu, mafunjo na mikono ya kuvisuka. Atakuta wasukaji wetu wengi ni akina mama wa umri mkubwa, huku mikeka ya plastiki imejaa madukani. Akija, tusimuulize tu anataka mingapi. Tumuulize majina ataandika wapi.

Hadi siku hiyo, ukinunua kikapu, muulize muuzaji kimesukwa na nani. Wengi hawatajua. Ukiuliza mara ya tatu, wataanza kujua.