Kufuta Cheo na Kufuta Kazi

Masimulizi tuliyoyazoea ya utawala wa Bugufi, katika Ngara, na Rusubi, katika Biharamulo, yana kasoro: huishia mwaka 1963, sheria ilipofuta uchifu, kana kwamba na kazi yake ilifutika siku ile. Je, ugomvi wa mpaka wa migomba uliamuliwa na nani? Mwaka 1972 hata halmashauri za wilaya zilivunjwa, zikarudishwa kwa sheria za 1982. Kati ya miaka hiyo watu walihamishiwa vijijini, wakagawiwa viwanja vipya. Siwalilii machifu, kodi na kazi za lazima zilipita mikononi mwao. Lakini mwandishi atajaye sheria tu, asiwataje wazee walioketi na wagomvi, ametunyima nusu ya habari, tena nusu iliyo ngumu.