Nani Kapiga?

Katika vichochoro vya Shibuya, jijini Tokyo, upo mkahawa uitwao Lion ambamo mteja haruhusiwi kuzungumza. Ulifunguliwa mwaka 1926, ukateketea wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ukajengwa upya mwaka 1950. Viti vimeelekezwa upande mmoja, mbele ya spika kubwa za mbao zilizopanda mpaka ghorofa ya juu. Mtu huagiza kahawa yake, na akipenda huagiza na santuri. Lakini haagizi “Bach” akaishia hapo. Hutaja kazi anayoitaka, kisha hutaja na mpigaji, kwa sababu wapigaji wawili wa kazi moja ni mambo mawili tofauti.

Mikahawa ya namna hiyo ilienea Japani enzi ambazo santuri za Ulaya zilikuwa ghali na watu wachache tu waliweza kuzinunua. Mingi imefungwa. Iliyosalia imetunza kitu ambacho kwingineko kinatoweka kwa kasi: ufundi wa kulinganisha.

Naam, ni ufundi. Katika muziki wa klasiki wa Ulaya nota ziliandikwa zamani, na mtunzi yuko kaburini. Kazi inayobaki ni ya mpigaji, na baada yake ni ya msikilizaji: kutambua kwamba hapa huyu ameharakisha na yule amekokota, kwamba huyu ameivuta pumzi pale ambapo mwenzake amepita moja kwa moja, na kuuliza kwa nini. Sikio la kufanya hivyo mtu hazaliwi nalo. Hulinoa kwa kusikiliza kifungu kile kile mara nyingi, mikononi mwa watu tofauti, na kubishana na wenzake wenye santuri ambazo yeye hana.

Mfano usiochosha ni suiti sita alizotunga Johann Sebastian Bach kwa ajili ya selo moja, bila chombo kingine cha kuisindikiza, yapata mwaka 1720. Nakala aliyoiandika Bach kwa mkono wake haijapatikana. Iliyopo ni ile iliyonakiliwa na mkewe, Anna Magdalena, pamoja na nyingine chache, nazo hazikubaliani juu ya alama za upinde: wapi nota ziunganishwe kwa mvuto mmoja, wapi zitenganishwe. Kwa hiyo kila mpiga selo akaaye kitako na suiti hizi analazimika kuamua mwenyewe. Kila rekodi ni uamuzi wa mtu.

Mpiga selo Pablo Casals alikuwa kijana wa miaka 13 alipoziokota kurasa hizo katika duka la nota kuukuu, jirani na bandari ya Barcelona. Wakati huo wengi waliziona kama mazoezi ya vidole tu. Alizifanyia kazi kwa miaka kadhaa kabla ya kuthubutu kupiga suiti nzima mbele ya watu, na alipokubali kuzirekodi alikuwa anakaribia miaka 60. Novemba 1936 aliingia studio za Abbey Road, London, akarekodi ya pili na ya tatu. Ya kwanza na ya sita alizirekodi Paris mwaka 1938. Ya nne na ya tano, Paris tena, Juni 1939. Zile tarehe si za kupita juu juu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilianza Julai 1936 na vikaisha kwa ushindi wa Jenerali Franco dhidi ya jamhuri mwanzoni mwa Aprili 1939. Casals, aliyekuwa upande wa jamhuri, alirekodi suiti ya tano akiwa mkimbizi.

Na ni katika suiti hiyo ya tano ndipo msikilizaji anapojua kama sikio lake limekomaa. Sehemu yake ya nne, Sarabande, ni fupi, na hakuna hata mahali pamoja ambapo nyuzi mbili hupigwa kwa wakati mmoja. Sauti moja tu inatembea peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Mpigaji hana pa kujificha. Kwa Casals, chini ya mkwaruzo wa santuri, husikika hata vidole vya mkono wa kushoto vikigonga ubao wa selo, na kila nota inasukumwa kuelekea inayofuata kana kwamba mtu anasema jambo asilotaka kulisema. Mholanzi Anner Bylsma, aliyerekodi mwaka 1979, alitumia nyuzi za utumbo na mlio wa chini kidogo, kama ilivyokuwa zama za Bach. Kwake sarabande inakumbuka kwamba ilikuwa ngoma ya kuchezwa, ina miguu, inakanyaga chini. Mstislav Rostropovich alisubiri mpaka alipopita miaka 60 ndipo akazirekodi zote sita, mwaka 1991, ndani ya kanisa kongwe la Vézelay, Ufaransa. Kwake hata mwangwi wa kuta umekuwa sehemu ya upigaji. Yo-Yo Ma aliipiga sarabande hiyo hiyo New York tarehe 11 Septemba 2002, majina ya waliouawa katika mashambulizi ya mwaka mmoja kabla yakisomwa.

Yupi kapatia? Wapenzi wa Casals humwona Bylsma mkavu. Wapenzi wa Bylsma humwona Casals kazidisha machozi. Bylsma mwenyewe hakuridhika na Bylsma: mwaka 1992 alizirekodi upya, safari hii kwa selo ya Stradivari iliyotunzwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington. Yo-Yo Ma amezitoa mara tatu, 1983, 1997 na 2018.

Enzi za santuri za mzunguko wa 78, kusikiliza kulikuwa kazi ya mikono pia. Upande mmoja ulibeba dakika nne na ushei. Sindano ya chuma ilitakiwa kubadilishwa kila upande unapokwisha. Wengine walipendelea sindano za mwiba au mwanzi, wakizichonga upya kwa uangalifu ili zisiitafune santuri. Aliyejipa taabu hiyo hakuweka santuri ili imwimbie huku akifua. Mwaka 1923 mwandishi Compton Mackenzie alianzisha London jarida la The Gramophone kwa ajili ya watu wa aina hiyo. Mwaka 1931 kampuni ya HMV ilitangaza kwamba ingerekodi nyimbo za Hugo Wolf iwapo watu 500 wangelipa kabla, na watu wakapatikana, hata Japani. Tangu 1957, BBC imekuwa na kipindi cha Jumamosi ambamo mhakiki huchukua kazi moja, akapiga kifungu kimoja kutoka rekodi hii, kisha kile kile kutoka ile, mpaka aseme ipi ya kununua na atoe sababu.

Pwani ya Afrika Mashariki ubishi huu si mgeni. HMV hiyo hiyo, yenye picha ya mbwa akisikiliza gramafoni, ndiyo iliyomrekodi mwimbaji wa taarab Siti binti Saad na wenzake huko Bombay, Machi 1928, miaka minane kabla ya Casals kuingia Abbey Road. Siti naye alifungwa na dakika chache za upande mmoja. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliimba nyimbo za Siti kwa sauti yake nzito ya mkwaruzo. Anayemjua Siti kwa santuri na Bi Kidude kwa kanda hana haja ya kufundishwa kwamba wimbo mmoja ukiingia koo mbili unazaa nyimbo mbili.

Leo Casals, Bylsma na Rostropovich wote wamo ndani ya simu moja, na kumfikia kila mmoja ni suala la sekunde. Ungetarajia ubishi uchachuke. Umepoa. Majukwaa ya muziki mtandaoni yamekata suiti vipande vipande, yakachomoa utangulizi wa suiti ya kwanza, yakauweka kwenye orodha za kulalia, za kusomea na za kupunguza mawazo. Jina la mpigaji limesogezwa pembeni kwa herufi ndogo, wakati mwingine halionekani kabisa. Mwaka unaoandikwa mara nyingi si wa kurekodi bali wa kuitoa upya, kiasi kwamba kazi ya 1939 hujitokeza kama ya juzi, na ukimbizi wa Casals ukafutika kwa tarakimu nne. Kile kijitabu cha ndani ya kasha, kilichotaja studio, siku za kurekodi na fundi wa sauti, hakipo tena. Kipande kikiisha, programu hutupa kingine kabla msikilizaji hajauliza alichosikia.

Hili si kosa la mashine peke yake. Msikilizaji amekubali muziki uwe wa kujazia ukimya wa chumba, na muziki wa kujazia ukimya hauna mwenyewe. Taarab ya zamani inaelekea huko huko: rekodi zinazagaa kwenye simu za watu zikiwa na kichwa “wimbo wa zamani mtamu”, bila mwimbaji, bila kikundi, bila mwaka, na wazee ambao wangemtambua mpiga fidla kwa mvuto wake mmoja wanazidi kupungua.

Basi ukimtumia jamaa yako wimbo, uwe wa Bach au wa Siti, andika chini yake nani kapiga, wapi na lini. Kama hujui, muulize aliyekutumia kabla hujaupeleka mbele.